Bamia

Tumemwita Bamia, kwa ubichi na mlenda wake.
Miezi minne; mkia kauacha juzijuzi.
Nje, Winnipeg ni hasi thelathini;
sebuleni, sanduku la kioo lina joto la Tanga.

Nimejifunza. Mkeka wa umeme hubandikwa ubavuni,
si chini, asije akaungua tumbo.
Maji ya bomba hutiwa dawa ya kuua dawa.
Na mikono yangu hii, iliyopasuka kwa baridi,
haina ruhusa: mafuta nijipakayo ni sumu kwake,
yeye hunywa kwa ngozi.

Mama kwenye simu: "Chura?
Ambaye hata ng'ombe hamjali?"
Nikacheka. Bili ya umeme sikumtajia.

Jumanne usiku umeme ukakatika.
Salha aliamka kabla yangu,
akachemsha maji kwa gesi, akajaza chupa,
akaivika soksi ya baba yake,
akailaza kando ya kioo,
koti lake zito juu ya vyote.
Mwenyewe kabaki na fulana, meno yakigongana.

Nilitaka kumgombeza.
Nikakumbuka uwanja wa ndege, sisi na sweta zetu nyepesi,
na bibi mmoja aliyevua koti, akamvika mwanangu,
akaenda zake bila jina.

Alfajiri taa ikawaka. Kipimajoto: kumi na tisa.
Salha akashusha nyenje kwa koleo,
kapakwa unga wa kalsiamu kama andazi na sukari.
Bamia akameza kama vyura wamezavyo,
kwa macho: yakazama kichwani,
yakaibuka tena,
yakatutazama
kana kwamba sisi ndio tuliochelewa.