Umeanzia Wapi

Wodi ya wachanga, Bombo, miaka ishirini na sita,
nilibonyeza paji la uso kwa kidole gumba,
nikaachia, nikatazama rangi inayorudi.
Ikirudi njano, tulimvua nguo, tukamfunika macho,
tukamlaza chini ya taa ya buluu.
Taa ilikuwa dawa.

Leo, barabara ya kumi na nne, Ngamiani,
chumba alichokuwa akishonea marehemu mume wangu
kina mabomba manne yaliyotobolewa kama filimbi,
ndoo ya rangi, pampu ya tangi la samaki,
na taa ya zambarau inayowafanya majirani
wavuke upande wa pili baada ya isha.
Mama Mwanakheri amenitetea: "Hafugi jini. Anafuga saladi."

Na saladi zangu zimeingia unjano
chini ya taa.

Nimevaa miwani, nimevuta kigoda.
Mgonjwa huyu hasemi anapoumwa,
basi nauliza nilivyofunzwa:
umeanzia wapi?

Ungeanzia chini, kwenye majani makuukuu,
jani zima likififia kama khanga ya kudekia,
ningesema ni njaa ya naitrojeni.
Jani la chini ni mzazi: chakula kikipungua
hujivua alichonacho, akakipandisha juu,
mwenyewe akabaki karatasi, akadondoka bila neno.
Ungeanzia kingoni, kahawia, ukikatika kwa kuguswa,
ningesema nimekoleza chumvi.
Mizizi ingeteleza na kunuka mtaro,
ningelaumu umeme wa juzi, pampu iliyolala saa saba.
Nimefunua kifuniko. Mizizi myeupe,
katani iliyotoka kuanikwa.

Si huko.
Umeanzia juu, kwenye kitinda mimba,
jani dogo kama ukucha, njano tupu,
na mishipa yake ya kijani
imechorwa mmoja mmoja.

Chuma.
Chuma kikishakaa kwenye jani kongwe hakihami.
Mkubwa amekishika kifuani, ananawiri,
na mtoto aliye juu ya kichwa chake anapauka.
Nimewahi kuishi nyumba ya namna hiyo. Tuendelee.

Lakini chuma nilitia, kwa kijiko cha dawa ya kikohozi!
Kimo majini, hakinyweki.
Nikachovya karatasi ya kupimia:
ikatoka kijani, kijani kinachoelekea buluu,
rangi ile ile ninayoitafuta kwenye jani
imejificha kwenye maji.

"Hiza!"
Akaja, mdomo mwekundu kwa ubuyu.
"Nani kaongeza maji?"
Akatazama vidole vyake vya miguu.
"Ulikuwa msibani Pongwe, bibi. Bomba likakauka siku tatu.
Nikachota kisimani kwa Mzee Mkufya.
Nilidhani yana kiu."

Kwa Mkufya. Birika za nyumba ile
zina ngozi nyeupe ndani, sabuni haitoi povu;
maji yamelala juu ya chokaa,
ndugu wa mawe ya mapango ya Amboni.
Chokaa imekifungia chuma mlango.

Nilifungua mdomo nigombe.
Nikakumbuka daftari la wodi, safu ya sababu:
*mama alimpa maji ya sukari,
bibi alimpaka mafuta kitovuni.*
Safu nzima ya mapenzi, kwa mwandiko wangu.

Tukamwaga nusu ya ndoo. Tukatia maji ya bomba.
Tukakamua ndimu, tukachuja kwa kitambaa cha cherehani,
kijiko, koroga, pima.
Hiza ndiye msoma rangi: "Kijani bado, bibi."
Kijiko. "Kijani, kijani..."
Nusu kijiko. "Njano!"
Mara hii njano ndiyo siha.

"Na hili lililopauka?"
"Hilo halirudi." Sikumficha,
kama nilivyowaficha baadhi ya mama zao.
"Tunangoja linalofuata."

Siku ya sita, adhana haijatoka,
kanigongea mlango: "Limetoka."
Nikabonyeza kwa kidole gumba, nikaachia.
Mazoea tu; jani halina damu ya kukimbia na kurudi.
Lilikuwa kijani hata kabla sijaligusa.

Hiza akanitazama kwenye ile taa ya zambarau,
akapanda kigoda,
akabonyeza paji langu la uso,
akaachia,
akangoja.