Kubebesha

Mbegu zilikuja ndani ya bahasha, ishirini na moja,
nyeusi, ndogo kama chembe za ugoro.
Nilibana pumzi nilipozimwaga:
chafya moja tu, na bustani nzima ingekwenda.

Mchanga niliuchota korongoni Kizota,
kwenye mto ambao miezi minane ni njia ya mbuzi.
Nikauchekecha, nikauchemsha
katika sufuria ya ugali.
Aikande alisimama mlangoni, mikono kiunoni:
"Leo tunakula nini, kokoto?"

Kopo la siagi, mfuko wa nailoni juu yake.
Mle ndani masika hayaishi, tone hupanda, tone hushuka.
Nje ni Juni ya Dodoma,
upepo unapita nyumba kwa nyumba na vumbi lake
kama mdai asiyesahau mlango.

Siku ya tisa, ushanga wa kijani.
Siku ya ishirini, miche kumi na minne.
Kisha ukungu ukaja na desturi zake,
nikabaki na tisa.
Na mmoja kati ya tisa haukuwa kijani hata kidogo:
mwekundu, kama ufizi wa mtoto.

Mche usio na kijani haujui kupika.
Jua litauangaza, maji utayanywa,
lakini jiko lake halina moto.
Utakula akiba ya mbegu wiki mbili, tatu,
halafu basi.
Dawa yake ni moja, kubebeshwa.

Nikaenda Nkuhungu kwa Ndahani, fundi baiskeli,
ambaye uzio wake ni mpungate mtupu.
Alicheka hadi akaweka spana chini.
"Babu zetu walihangaika kung'oa miiba,
wewe unailea kwenye bakuli?"
Lakini akanikatia kipande kinene, chenye maji,
na utepe wa tyubu kuukuu juu yake:
"Wa kumfungia huyo mtoto wako mgongoni."

Wembe mpya. Spiriti.
Miwani ya Aikande juu ya miwani yangu.
Ukikata mpungate utaona duara ndani ya nyama yake,
hafifu, kama alama ya pete iliyovuliwa.
Mche nao una duara lake, nukta tu.
Duara liguse duara, hapo ndipo maji hupita.
Ukikosea kwa unene wa unywele
umeunganisha maiti mbili.
Nilijifunzia kwa ile ya kijani.
Mitatu ilifia mikononi mwangu, na sipendi kuulizwa.

Mimi ni mtu wa migomba.
Nimezaliwa Kilema, mfereji ukipita nyuma ya jiko.
Wizara ilipohamia huku nikahamia nayo,
kama kabati.
Mwaka wa kwanza midomo ilinipasuka,
usiku nilihesabu mabati yakigongwa.
Nani alinifunga utepe, sijui.
Labda huyuhuyu Ndahani, aliyenikopesha pampu
siku ambayo hata jina langu hakulijua.

Miaka minne sasa.
Ule mwekundu umekuwa ngumi,
ngumi ya mtoto aliyelala.
Na juzi, baada ya mvua ya kwanza,
mpungate nao umekumbuka jina lake:
chini ya kiungo limetokeza chipukizi,
kijani, sikio dogo lenye manyoya ya miiba.

Wajuzi wanasema kata.
Shina likianza kujilea lenyewe litamtupa mgeni.
Wembe ninao. Tangu Jumapili
uko mfukoni mwa shati, umeviringishwa karatasi.
Ndahani amepita mara mbili.
"Bado?"
"Bado."
Akalipapasa lile sikio kwa kidole chenye grisi,
taratibu, asije akalichafua,
akaenda zake akisukuma baiskeli ya mtu.