Barabara Imefugwa

Maji yalikula kalavati usiku wa Jumanne,
kilomita chache kabla ya Nguruka.
Wakatandaza matawi mabichi njiani
na kipande cha plaiwudi: BARABARA IMEFUGWA.
N imedondoka. Siku ya kwanza hakuna aliyecheka.

Mimi nilitoka Tabora na vifaranga mia mbili,
wa siku moja, maboksi manne yenye matundu,
mzigo wa Bi Gwimo wa Kasulu, aliyekwisha jenga banda.
Kifaranga huja duniani na akiba ya kiini tumboni,
siku tatu, basi.
Mhandisi wa koti la njano naye alikuja kila jioni
na akiba yake: "Kesho asubuhi."

Foleni ina sheria zake.
Usimuulize dereva saa ngapi tutaondoka.
Ukienda vichakani, muage jirani.
Chai mia tatu upande wetu, mia mbili ng'ambo,
kwa hiyo watu wanavuka kwenye gogo, viatu mkononi,
wanakunywa nafuu ya shilingi mia
na kurudi wamelowa hadi magotini.
Mtu amenyoa ndevu kwenye kioo cha lori la tumbaku.
Kapela ametundika suti dirishani.
Harusi yake ilikuwa jana.
Bado anaipiga pasi kwa kiganja.

Saa nane usiku treni ikapita.
Reli haina habari na sisi.
Madirisha yenye taa, moja, moja, moja,
kama mtu anayehesabu noti mbele ya anayemdai.

Usiku wa pili mvua ilirudi na baridi yake.
Mkaa ukalowa. Maboksini kilio kikapungua,
na kwa vifaranga hakuna sauti mbaya kama hiyo,
ya kupungua.
Nikagonga mlango wa basi. Sikuwa nimepanga maneno.
Nikauliza: "Nani ana kwapa la moto?"

Walicheka. Wakacheka na ile N, kwa mkopo wa juzi:
kumbe barabara imefugwa kweli, na wafugaji ni sisi!
Kisha mikono ikatoka madirishani.
Watano ndani ya sweta.
Saba kwenye kanga ya mama anayenyonyesha.
Kapela akaishusha suti, akaivaa kwa mara ya kwanza,
akapokea tisa, upande wa moyo na upande wa pili.
Ntahondi, dereva wa chumvi ya Uvinza,
alikuwa amevuka gogo kufuata kampani, si chai;
akachukua mmoja tu, akasema mfuko wake mdogo.

Basi zima likawa linalia pii, pii, gizani.
Watu wazima sitini walilala wima,
hakuna aliyethubutu kugeuka.

Asubuhi, ile yenyewe, siyo ya mhandisi,
greda lilipita mara tatu
na honi zote zikapasuka kwa pamoja.
Nilikimbia na boksi kichwani, "Nirudishieni! Nirudishieni!",
huku magari yakiwa yameanza kutembea
na viganja vikinidondoshea manyoya ya njano.

Nilihesabu Uvinza, nimechuchumaa nyuma ya gereji.
Mia moja themanini na wanane.
Kumi na mmoja niliwaacha kwenye kifusi kipya;
lami ikija, itawapitia juu.
Mmoja sikumwona.

Saa tisa alasiri, namba ngeni.
Muungurumo wa injini kwanza, halafu mtu anakohoa.
"Dada wa kuku? Namba niliisoma kwenye boksi.
Mimi Ntahondi. Niko Urambo.
Kuna mtu mfukoni mwangu ananigombeza."

Safari nzima ile, foleni, gogo, matope,
kumbe kuna mmoja aliyepata lifti ya kurudi kwao.

"Chenga za mchele," nikamwambia,
"na maji ya vuguvugu, kwenye kifuniko cha soda.
Na mfuko, Ntahondi,
mfuko usiufunge."