Gramu Mbili

Nilizigawa zote, mwaka ule kila mtu alipokuwa akigawa.
Masanduku kumi na moja ya santuri:
mpwa wa Gudrun aliyapakia kwenye gari lake jekundu
akaondoka bila kuzima redio.
Tukanunua visahani vinavyong'aa, navyo vikapitwa,
na muziki ukahamia ndani ya simu,
ukakaa humo kama mdudu kwenye kibiriti.

Februari hii, Bergen, mvua haijui kuaga,
nilijibanza kwenye duka la mitumba la kanisa
nikaiona: gramafoni isiyo na kifuniko,
mkanda wake wa mpira umelegea kama soksi ya mzee.
Kroni mia nne.
"Inazunguka," alisema Borghild wa kaunta,
"ila sikuahidi kama inafika popote."

Kwanza usawa.
Nyumba yetu ya mbao imeuegemea mlima tangu zamani;
gololi ukiiangusha jikoni, unaiokota mlangoni.
Nilisokomeza kadi mbili za basi chini ya mguu wa kushoto,
nikaongeza ya tatu, nikaitoa,
hadi kile kipovu cha pimamaji
kikaacha kunitoroka.

Kisha uzito.
Sindano nzito inailima santuri,
nyepesi inateleza juu juu, kama mgeni anayekataa chakula.
Kichuma cha nyuma ya mkono nilikizungusha robo,
nikavua miwani, nikaivaa, nikarudi nusu ya robo.
Gramu mbili.
Mimi, niliyekaza nati za injini za feri
miaka thelathini na nne, nati nene kama mkate,
nilibana pumzi kwa ajili ya gramu mbili.

Santuri iliyosalia ni moja, tuliiazima kwa jirani
na jirani akafa kabla ya mwaka wa kugawa.
Mpiga akodioni fulani wa Voss;
jina lake limefunikwa na alama ya kikombe cha kahawa.
Nilishusha mkono.
Kwanza vumbi likasema maneno yake, chakara, chakara,
halafu akodioni ikavuta hewa
na chumba nacho kikavuta.

Ndipo Eivind akatembea.

Mwanangu anakaa juu tangu Novemba,
na begi moja, na pete iliyo kwenye kikombe cha mswaki.
Hatuzungumzi sana. Kuna samaki, kuna mvua, basi.
Alivuka kutoka kitandani hadi dirishani,
mbao zikampokea, zikamkabidhi kwa ukuta, ukuta kwa kabati,
na sindano ikaruka mistari minne.

Nilitukana. Gudrun angecheka.
Kesho yake nikaleta bamba la marumaru la kinawio cha zamani,
nikakata mipira miwili ya tenisi nusu nusu,
nikaziweka nusu zake nne chini kama vikombe vilivyolala.
Ikatulia.
Upande mzima ukaimba bila kwikwi
nikabaki na santuri nzima
na nyumba isiyoniambia kama ina mtu.

Jioni ya tatu niliiondoa marumaru.

Alipokuwa akitembea, nilijua:
hapa yuko kwenye droo, hapa ameketi,
hapa amesimama muda mrefu, tena mrefu mno,
na akodioni ikaendelea bila kuguswa
nikatamani iguswe.

Nadhani alisikia miruko yake mwenyewe.
Jumapili alishuka kwa soksi,
ngazi moja baada ya nyingine, akikwepa ile inayolia,
akasimama kizingitini kwa mguu mmoja,
wa pili ameuning'iniza hewani,
mtu wa miaka arobaini na miwili, kama korongo,
akiogopa kuniharibia wimbo.

Sindano ilikuwa katikati.
Kanyaga, nikamwambia.
Kanyaga tu, mwanangu. Ingia.