Mstari wa 214

Kidabaga, mwezi wa pili. Ukungu haujaamka,
ama umeamka ukakataa kuondoka.
Nimebeba kishikwambi, betri ya akiba,
na maswali arobaini niliyoyapanga mjini,
chini ya Gangilonga, ambako mtandao
haumlazimishi mtu kupanda kilima kuutafuta.

Bi Otavina Kihwele ana kibanda cha mabanzi,
mwavuli wa kampuni ya simu, uliopauka,
na daftari lenye harufu ya mafuta ya taa.
Ni wakala. Pesa ya kijiji hupita mikononi mwake
kama maji mferejini:
yanaulowesha, hayaunyweshi.

Swali la tisa: umewahi kukopa kwa simu?
"Mara moja. Usiku, mtoto ana homa.
Haikuuliza hati ya shamba wala mdhamini,
iliuliza namba ya siri tu.
Wiki ya pili ikajilipa yenyewe
kwenye pesa ya mbegu za viazi."
Nikaandika: Ndiyo.
Kisanduku ni kidogo, hakienei zaidi ya hapo.

Swali la thelathini na moja, kipenzi changu,
lililoniletea fedha za utafiti:
kwa kipimo cha moja hadi tano,
huduma za kibenki za kidijitali
zimechangia uendelevu kwa kiasi gani?

"Uendelevu ndiyo nini?"

Nikaeleza. Nikaeleza tena.
Nikakisikia Kiswahili changu kimevaa tai.

Akafunga droo, akanipeleka nyuma ya kibanda.
Mianzi. Kila chipukizi limekatwa ncha,
limeinamishiwa mbeta.
Tone. Kimya. Tone.
Akachomoa kisu, akachonga kipande
chembamba kama risiti.
"Asubuhi hivi. Jioni hivi.
Ukizidiwa na kiu ukakata kiganja kizima,
utakunywa leo.
Shemeji yangu alikata hivyo.
Siku hizi ananunua kwangu."
Akafuta kisu kwenye kitenge.
"Haya, andika. Ni moja au ni tano?"

Usiku, Iringa. Kompyuta imemeza vijiji kumi na viwili,
inatema nyota tatu pembeni ya kila namba:
kukopa kwa simu kunainua kipato, imethibitika.
Kisha inanong'ona, kwa adabu:
mstari wa 214 una pengo. Uondolewe?

Najua mlinganyo hautatikisika.
Mtu mmoja kati ya mia nne
ni vumbi kwenye kioo cha saa.
Kidole kiko juu ya kitufe. Kimekaa hapo.

Simu inatetemeka mezani:
*Ndugu mteja, unastahili mkopo
hadi shilingi laki mbili. Bonyeza 1.*

Naigeuza kifudifudi.
Nafungua chupa aliyonifungashia Otavina,
mtogwa mtamu asubuhi ile,
na kizibo kinaruka hadi darini.
Umekuwa mkangafu njiani,
umejiongeza wenyewe gizani mwa begi,
na hakuna anayedaiwa.