Kikonyo

Usiku wa kuchambua, Jadida nzima vidole vinavunja:
karafuu huku, kikonyo kule.
Karafuu zitaanikwa jamvini, zitapimwa, zitaandikiwa stakabadhi.
Makonyo yatashindiliwa guniani, bei ya kutupa.

Nami ubongo niliusoma hivyohivyo.
Kichwa nikakisifu. Mikunjo ile mikubwa
yenye lugha, hesabu na kiburi
niliichora kwa penseli za rangi.
Shina lake, nene kama dole gumba,
nililiandikia pembeni: rejea baadae.

Aliyenirejesha ni Bi Mkasi Faki,
miaka hamsini na tisa,
aliyedondoka ukumbini kwake
na konzi ya karafuu mkononi.

Siku ya tatu, hospitali ya Wete, wodi ya wanawake.
Mkono haunyanyuki. Mguu hausogei.
Uso umelala kama shuka iliyopigwa pasi.
Nikamminya ukucha kwa kalamu: kimya.
Nikasimama miguuni pa kitanda
nikawaambia wanawe, kwa sauti ya mtu aliyefaulu mitihani,
"Mama yenu hayupo tena. Huu ni mwili unaopumua tu."

Na shina, lililokuwa likimpumulia,
lilinisikia.

Juu yake ubongo wa kati:
humo mboni hufundishwa kuogopa mwanga,
macho hufundishwa kupanda na kushuka.
Chini medula, mlinzi wa zamu asiyepewa likizo:
pumzi, mapigo, kumeza, kikohozi, kwikwi.
Hapo nyuzi hukatana njia,
za kulia kwenda kushoto, za kushoto kulia;
nilimuuliza mwalimu sababu, akafuta ubao.
Baina yao, daraja.
Kila amri ya kichwa hupita mbele ya daraja
kwenda mkononi, mguuni, ulimini.
Nyuma yake hupita ule utambi
unaomfanya mtu awe macho.

Mshipa mmoja hupanda kifuani mwa daraja.
Ukiziba, mbele hufa, nyuma huweza kubaki.
Basi mtu yumo, yumo mzima,
anasikia bei ya karafuu,
anasikia daktari.

Aliyeona si mimi. Ni Time, mjukuu, kidato cha pili,
aliyeinama akamuuliza kama anavyoulizwa mwenye mali:
"Bibi, mjomba Shaame anataka kumuuzia mtu wa magendo
magunia yote. Auze?"
Macho yakashuka. Yakakaa huko huko chini.
Time akacheka. "Daktari, bibi kakataa."

Nikasema mwili hujitikisa wenyewe.
Time hakunijibu, alinitazama tu,
nikatoa tochi ili nipate pa kuangalia.
Mboni zikafinyika, zote mbili.
"Bi Mkasi, kama unanisikia, tazama juu."
Akatazama juu.
"Chini." Chini.
"Kulia." Hakuweza.
"Kushoto." Hakuweza.
Ukurasa ule niliouruka
ukanifunukia, na namba yake.

Time akaandika herufi nyuma ya bahasha ya eksrei,
akazipitia kwa kidole, moja moja,
macho yakipanda penye herufi anayoitaka.
Nilikuwa nimeshajiandaa. Siku nzima
amelala na maneno yangu,
hana hata mkono wa kuyafukuza.
Herufi ya kwanza: K.
Nikahesabu matusi yote yaanzayo na K.
Ya pili: I.
Nje muuguzi anagombana na mtu wa kiti cha magurudumu.
Ya tatu: U. Kisha akafumba.

Kiu.

Maji hatukuthubutu kumpa. Koo lilishasahau
ipi njia ya maji, ipi ya pumzi.
Nikalowesha pamba, nikampitishia midomoni,
mara moja, mara ya pili, mara ya tatu.
Mkono wangu ulinuka spiriti;
wake, baada ya siku tatu na sabuni ya wodi,
bado karafuu.

"Imetosha, bibi?" Time akauliza.
Macho chini.
Nikalowesha tena.