Kipo, Hakipo

Mali bila daftari hupotea bila habari:
basi nimenunua daftari,
gamba gumu, lisiloogopa manyunyu,
maana katika bonde hili la Wales mvua haipigi hodi.
Nina futikamba, penseli mbili, kamera ya binti yangu,
na karatasi za halmashauri zenye visanduku viwili:
Kipo. Hakipo.

Daraja la Pont Isaf: lipo.
Tao moja, mawe ya mtoni, bega la kulia limechunwa
na lori la maziwa, mwaka ule wa theluji.
Ukuta wa zizi la kondoo: upo, hadi magotini.
Tanuri la chokaa: lipo, limeshiba matairi,
mche umeota kooni mwake.
Jiwe la maili nimelitafuta majuma matatu
nikalikuta kichwa chini, miguu juu,
limejengewa katika banda la akina Prosser,
likiwatangazia nguruwe: maili nne hadi sokoni.

Kanisa la Seion lipo, linauza mazulia.
Nilipiga kofi moja.
Mwangwi ukajibu kutoka pale pale juu
walipokaa waimba sauti ya nne.
Muuzaji akauliza ninapima nini.
Nikasema, urefu.

Kivuko hakipo, kwa macho.
Lakini ng'ombe wa Eluned wakifika penye kona
huingia majini mmoja mmoja, bila kuswagwa,
wakikanyaga kitu tusichokiona.

Na kisima cha Tegwen, walikotupa pini wenye macho mabovu,
kiko chini ya maegesho ya zahanati.
Kila masika lami inapasuka pale pale.
Kila kiangazi halmashauri inaiziba.

Habari za kinu cha maji nilimwendea Idwal Beynon,
miaka themanini na tisa, vidole kama koleo.
Alimimina chai, akaisahau.
"Andika hakipo," akasema. "Nilikivunja mimi.
Sitini na nane. Mimi, trekta na mnyororo.
Baba alikuwa na deni la mbolea,
na wenye barabara walitaka kifusi,
pauni mbili kwa lori.
Paa lilishuka taratibu, kama mtu anayepiga magoti.
Gurudumu ndilo lililokataa. Siku nzima lilikataa.
Mama alifunga dirisha la upande ule
akafa hajalifungua."

Nikauliza kama kuna aliyekichora, aliyekipiga picha.
Alinitazama, si kwa ubaya.
"Hakuna aliyekuja na daftari siku ile."

Kisha akavaa viatu vyake vya matope, tukatoka.
Hili, akasema, ni ngazi ya posta.
Hili ni kizingiti cha Prosser, walilichagua wenyewe.
Haya matano yamemfunika mbwa wangu.
Lile lenye tobo la mhimili, mkwe wangu analipandia maua.
Mengine yako chini ya barabara kuu.
"Ukiwa unakwenda hospitali," akasema, "baada ya taa za pili,
mimi hapo huwa napunguza mwendo."

Usiku niliketi na karatasi.
Kinu kilichosaga shayiri ya bonde zima:
kipo? Hakipo?
Shayiri haipo, deni halipo, mama mtu hayupo,
dirisha lipo, limefungwa;
nimeliona nikiondoka, rangi yake ya kijani imekakamaa.
Nikachora kisanduku cha tatu kwa rula,
chembamba, kikibanana na pambizo,
nikaandika: kimetawanyika.
Nikaambatisha ramani ya ngazi, kizingiti, mbwa na maua.

Leo karatasi imerudi kwa posta.
Mtu mwenye mwandiko mzuri ameandika kwa wino mwekundu:
tafadhali chagua kimoja.

Nje kumekucha, mvua ni ile ile.
Nimechonga penseli.